Waliopaswa Kusahau

Katika milima ya Antioquia, kaskazini-magharibi mwa Colombia, kuna mji uitwao Yarumal, na kuuzunguka kuna vijiji vya wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwa vizazi vingi watu wa huko walijua kwamba zipo familia ambamo baba au mama, akiwa bado na nguvu zake za shamba, huanza kuuliza swali lile lile tangu asubuhi hadi jioni. Kisha hupotea njia aliyoipita tangu utotoni, na mwishowe hawatambui watoto wake mwenyewe. Wengi hawakufika mbali baada ya miaka 60, na miaka yao ya mwisho waliimaliza kitandani, hawasemi, wakilishwa kwa kijiko. Wenyeji waliyaita maradhi hayo la bobera, yaani upumbavu. Wengine walidai ni laana ya padri aliyeibiwa. Wengine walisema ukigusa gome la mti fulani msituni basi umekwisha.

Mtu wa kwetu hawezi kushangaa. Hata huku, mzee akianza kusahau majina ya wajukuu tunasema ni uzee tu, na akiwa bado hajazeeka tunanong'ona kwamba amechezewa. Tofauti ya Antioquia ni kwamba maradhi yalimshika mtu akiwa na miaka 40 na kitu, na yaliandama koo zile zile, kizazi baada ya kizazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari kijana aitwaye Francisco Lopera alikuwa akisomea magonjwa ya mishipa ya fahamu mjini Medellín. Alizaliwa mwaka 1951 na kukulia Yarumal, kwa hiyo milima ile ilikuwa ya kwao. Aliletewa mwanamume ambaye hajafika hata miaka 50, amepoteza kumbukumbu. Alipowahoji ndugu, walimweleza kwamba baba wa mgonjwa alikwenda hivyo hivyo, na babu naye, na baba wadogo kadhaa. Madaktari wengi wangeandika habari hiyo kwenye faili na kumwita mgonjwa anayefuata. Lopera alifunga safari kwenda kijijini kwa akina mgonjwa, akaanza kuchora mti wa ukoo. Mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya familia hiyo ya kwanza.

Kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka 40. Pamoja na nesi Lucía Madrigal, Lopera alipita kijiji kwa kijiji na parokia kwa parokia, akifunua daftari za ubatizo, za ndoa na za mazishi. Familia zilizodhaniwa hazijuani zikaonekana zina mababu wamoja. Mti ukapanuka hadi kufikia watu wapatao 6,000 walio hai. Tukumbuke pia miaka yenyewe ilikuwa ipi. Medellín ya wakati huo ilikuwa ikitikiswa na mabomu ya wauza kokeini, na barabara za milimani zilikuwa mikononi mwa waasi na wanamgambo. Kwenda kijijini na sindano ya kutolea damu kulikuwa ni kuhatarisha maisha. Walikwenda.

Walikuwa na ombi jingine, zito kuliko damu. Waliomba ubongo. Simu ililia usiku kwamba fulani amefariki, na timu ikatakiwa kufika ndani ya saa chache kabla seli hazijaharibika. Ubongo ulitolewa, ukagawanywa, nusu kwenye barafu na nusu kwenye dawa, na mwili ukarudishwa kwa ndugu waliokuwa wamekaa matangani. Katika nchi ya Kikatoliki yenye heshima kubwa kwa maiti, jambo hilo haliwezekani bila imani. Imani ile ilijengwa kwa miaka ya kuwatembelea wagonjwa, kuwafundisha mabinti namna ya kumgeuza mama kitandani asipate vidonda, na kurudi tena hata pale ambapo hapakuwa na dawa ya kuwapa. Benki ya ubongo ya Chuo Kikuu cha Antioquia leo ina mamia ya ubongo.

Mwaka 1995 chanzo kilipatikana. Kwenye kromosomu ya 14 kuna jeni ya protini iitwayo presenilini 1, na katika ukoo ule herufi moja tu ya jeni hiyo imebadilika, kiasi kwamba kiungo cha 280 cha protini si kile kinachotakiwa. Anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja huugua, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu. Takwimu za ukoo zilikuwa za kutisha kwa jinsi zilivyonyooka. Kumbukumbu huanza kuyumba kwenye miaka 44 hivi, na demensia kamili, yaani kupotea kwa akili, hufika kwenye miaka 49. Lopera alihesabu wenye jeni hiyo kuwa kama 1,200, na kwa muda mrefu ilionekana hakuna anayeiponyoka.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, Frankfurt, Novemba 1901. Mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, alilazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari Alois Alzheimer, ambaye la bobera nayo ingekuja kuitwa kwa jina lake, aliketi naye, akaandika kila alichojibu. Alipomwuliza jina lake, alisema Auguste. Alipomwuliza jina la mumewe, alifikiri kidogo, akasema tena Auguste. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akila nyama ya nguruwe na koliflawa, lakini daktari alipouliza anakula nini, alijibu mchicha. Auguste alifariki Aprili 1906. Alzheimer alikata vipande vyembamba vya ubongo wake, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Aliona vitu viwili: mabaka yaliyotapakaa kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Alipoyaeleza hayo mjini Tübingen tarehe 3 Novemba mwaka huo, hakuna mwenzake hata mmoja aliyeuliza swali.

Ilichukua karibu miaka 80 kujua mabaka na nyuzi hizo vimetengenezwa kwa nini. Mwaka 1984, George Glenner na Caine Wong, nchini Marekani, walichambua kile kinachounda mabaka, wakapata kipande kidogo cha protini ambacho leo twakiita amiloidi beta. Nyuzi nazo zikatambuliwa kuwa ni tau, protini iliyokuwa imegunduliwa Princeton mwaka 1975. Tau si adui. Ndani ya tawi refu la seli ya neva kuna mirija midogo ambayo chakula na mizigo ya seli hupitia, na tau huishikilia isianguke, kama kamba zinavyoshikilia fito za nyumba ya udongo. Ubongo unapougua, tau hupakwa fosfeti kupita kiasi, hujifungua kutoka kwenye mirija, hujisokota, kisha huhama kutoka seli moja hadi nyingine. Amiloidi hutangulia kwa miaka mingi. Lakini pale tau inapofika, ndipo akili inapopotea.

Amiloidi ndiyo iliyoteka fikra za watafiti na mifuko ya makampuni ya dawa, na hilo lina sababu ya haki. Jeni ya Antioquia, kama jeni nyingine za Alzheimer ya kurithi, hukoroga utengenezaji wa amiloidi. Na mwaka 2012 ulikuja ushahidi wa upande wa pili, kutoka Iceland. Thorlakur Jonsson, Kari Stefansson na wenzao walipekua vinasaba vya watu wa kisiwa hicho, wakakuta wachache wenye badiliko dogo kwenye protini mama ya amiloidi. Watu hao hutengeneza amiloidi pungufu kwa kama asilimia 40, na uzeeni hubaki na akili timamu kuliko wenzao. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba badiliko la protini hiyo mama linaweza kumkinga mtu na Alzheimer. Watafiti wengi wakahitimisha kwamba ni kupunguza amiloidi tu, na kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, haraka hiyo iliwagharimu wagonjwa miaka mingi.

Kilichoichanganya hesabu hiyo kilitoka Medellín. Katika ukoo wa Lopera alikuwamo mama mmoja aliyekuwa na jeni ya presenilini kama wagonjwa wengine. Alipaswa kuanza kusahau kwenye miaka 40 na kitu. Ikapita miaka 50, ikapita 60, naye yu salama, ana watoto, anaendesha nyumba yake. Kumbukumbu ilianza kulegea alipoingia miaka ya 70, karibu miaka 30 baada ya wakati wake. Mwaka 2016 alisafirishwa hadi Boston, akapigwa picha za ubongo chini ya usimamizi wa Yakeel Quiroz, mwanasaikolojia wa Kikolombia aliyeanza kazi akiwa mwanafunzi wa Lopera. Picha ya kwanza ilionyesha ubongo uliojaa amiloidi, nyingi kupita ya ndugu zake wote waliowahi kupimwa pale. Picha ya pili, ya tau, ilikuwa na doa dogo tu.

Mabaka yote yalikuwepo, na mwenye mabaka anapika na kuzungumza. Nadhani picha hizo mbili zina uzito sawa na vipande vya ubongo alivyovitazama Alzheimer mwaka 1906. Zilisema kwamba kati ya amiloidi na maangamizi kuna daraja, na kwa mama huyu daraja hilo limekatwa.

Joseph Arboleda-Velasquez, mume wa Quiroz na mtafiti pale pale Boston, aliisoma jeni moja baada ya nyingine kutafuta kilicholikata. Alikikuta kwenye apolipoprotini E, au kwa kifupi APOE. Protini hii kila mmoja wetu anayo. Kazi yake ya kila siku ni kubeba mafuta na lehemu, katika damu na ndani ya ubongo, ambako seli za neva huyahitaji kutengeneza na kukarabati utando wake. Ina aina tatu kuu, ya 2, ya 3 na ya 4, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kazi ya Allen Roses na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke, inajulikana kwamba aina ya 4 huongeza hatari ya Alzheimer na aina ya 2 huipunguza. Mama wa Medellín alikuwa na aina ya 3, ya kawaida kabisa, isipokuwa kwamba kwenye kiungo cha 136 palikuwa na badiliko. Badiliko hilo lilikuwa limeshaonekana mwaka 1987 huko New Zealand, kwa watu wenye shida ya mafuta kwenye damu, likapewa jina la mji wa Christchurch. Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja ni nadra. Yeye alilirithi kwa wazazi wote wawili.

Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2019 ni haya. Juu ya seli za ubongo huota minyororo ya sukari, na tau inayohama huishika minyororo hiyo ili iingie kwenye seli mpya. APOE nayo huishika, na aina ya 4 huishika kwa nguvu kuliko nyingine. APOE ya Christchurch inashindwa kuishika. Mshiko ukilegea, safari ya tau nayo hukwama. Baadaye David Holtzman na wenzake wa St. Louis walipanda badiliko hilo kwenye panya, wakaona kwamba maikroglia, seli zinazosafisha takataka za ubongo, huimeza na kuisaga tau kwa bidii zaidi. Mama huyo alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 77, kwa saratani ya ngozi. Familia yake ilitoa ubongo wake.

Nigeria nayo ina sehemu yake katika historia ya APOE, na husahaulika mno. Tangu mwaka 1992, Profesa Benjamin Osuntokun, kisha Adesola Ogunniyi, wakishirikiana na Hugh Hendrie wa Indiana, waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa mwaka, Alzheimer iliwapata asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan na asilimia 2.52 ya wale wa Indianapolis. Aina ya 4 ya APOE ilikuwepo kwa wingi Ibadan pia, lakini uhusiano wake na ugonjwa ulikuwa hafifu, wakati Indianapolis ulionekana wazi. Tanzania nako kumepimwa: wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, uchunguzi wa mwaka 2009 na 2010 uliowafikia watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi ulikuta demensia kwa asilimia 6.4. Vinasaba vya wazee wetu, hata hivyo, havijapekuliwa kwa kina kama vile vya Iceland au Antioquia. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu Afrika ndiko kwenye vinasaba vya aina nyingi kuliko kwingineko kote duniani, na anayetafuta kinga adimu angepaswa kuanzia huku.

Mei 2023 Medellín ilitoa habari ya pili. Safari hii alikuwa mwanamume, fundi wa magari, mwenye jeni ile ile ya presenilini. Alifanya kazi hadi akastaafu. Alikuwa timamu hadi miaka 67, demensia nyepesi ikamfika akiwa na 72, akafariki akiwa na 74. Hakuwa na Christchurch. Badiliko lake lilikuwa kwenye protini nyingine kabisa, iitwayo rilini. Watafiti waliliita COLBOS, kwa kuunganisha Colombia na Boston.

Rilini iligunduliwa kwa njia ya panya walevi. Mwaka 1951 Douglas Falconer wa Edinburgh alieleza habari za panya waliozaliwa wakiyumba, wakitembea kama waliokunywa. Baadaye ilionekana kwamba ubongo wao umepangika vibaya, matabaka ya seli yamepinduka, ya juu yako chini. Ni mwaka 1995, ule ule wa jeni ya presenilini, ambapo Gabriella D'Arcangelo, Tom Curran na wenzao walipata jeni inayokosekana kwa panya hao. Rilini ndiyo inayozielekeza seli za neva mahali pa kukaa wakati ubongo wa kichanga unajengwa. Ukubwani haiachi kazi. Huendelea kuimarisha mawasiliano ya neva na, kwa namna inayotuhusu hapa, huzuia tau isipakwe fosfeti ovyo. Mwaka 1999 Joachim Herz na wenzake wa Dallas walionyesha kwamba rilini hupokewa kwenye seli na vipokezi viwili. Ni vipokezi vile vile vinavyoipokea APOE.

Soma tena sentensi hiyo. Mama na fundi, kila mmoja akiwa na badiliko la protini tofauti, huenda walikingwa penye vipokezi vile vile. APOE ya mama ilikuwa dhaifu wa kushika. Rilini ya fundi ilikuwa hodari wa kushika kuliko kawaida. Ubongo wa fundi ulipochunguzwa baada ya kifo, ulikuwa na amiloidi nyingi na hata tau nyingi, ila si kwenye kijisehemu kimoja kidogo, gamba la entorhino, ambapo kumbukumbu hupitia ziingiapo na zitokapo, na ambapo Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu. Hapo tau ilikuwa kidogo mno. Kwa hiyo huenda ubongo hauhitaji kulindwa wote, na kulilinda gamba hilo moja kunatosha kumwachia mtu miaka 20 ya heshima yake. Fundi alikuwa na dada mwenye mabadiliko yote mawili kama yeye, na kinga yake ilikuwa pungufu. Sababu yake bado inatafutwa.

Njia ya amiloidi, wakati huo, ilikuwa imejaribiwa kwa ukoo huo huo. Mwaka 2013 watu 252 wa Antioquia waliingia kwenye jaribio la krenezumabu, kingamwili ya kuishika amiloidi, wakiwa bado hawajaugua. Wengine walipewa dawa, wengine dawa bandia. Walipanda mabasi kuja Medellín kuchomwa sindano, mwezi baada ya mwezi, miaka inakwenda, na Juni 2022 wakaambiwa kwamba dawa haikuleta tofauti ya kuaminika. Kingamwili nyingine, lekanemabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, lakini nayo hupunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 tu katika miezi 18. Ni hatua, na kwa anayemuuguza mama yake nyumbani ni hatua fupi mno.

Juni 2024 Lopera, Quiroz, Arboleda-Velasquez na wenzao walichapisha jibu la swali lililobaki tangu habari ya yule mama: je, anayerithi Christchurch kwa mzazi mmoja tu anapata chochote? Walipitia rekodi za watu zaidi ya 1,000 wa ukoo, wakawapata 27 wenye jeni ya presenilini na nakala moja ya Christchurch. Kwa hao, kumbukumbu ilianza kuyumba kwenye miaka 52 badala ya 47 ya wenzao waliolinganishwa nao, na demensia ikaja kwenye 54 badala ya 50. Si miaka 30 ya yule mama. Lakini kwa mwenye dawa ya kutengeneza, habari hii ni kubwa, maana inaonyesha kwamba kinga haihitaji kuwa kamili ili ifanye kazi, na dawa ikifanikiwa nusu tu bado itamfaa mgonjwa.

Francisco Lopera alifariki Medellín tarehe 10 Septemba 2024, miezi mitatu baada ya makala hiyo kutoka. Maabara ya Boston imeshatengeneza kingamwili inayoifanya APOE ya kawaida iwe na mshiko dhaifu kama ile ya Christchurch, na kwa panya imepunguza tau. Wengine wanatafuta namna ya kuipa rilini nguvu. Kikwazo kikubwa ni kuifikisha dawa yoyote ya protini ndani ya ubongo, kwa sababu kuta za mishipa midogo ya damu huzuia karibu kila kitu kikubwa kisipite. Huko Antioquia vijana wa ukoo wanaendelea kuja kupimwa. Wengi wana miaka 20 na 30, na wengi wao hawajui kama wamerithi jeni ile.